Kuku Aliyezikwa Kifarao

Mwamapalala,
Bariadi.
30 Julai 1995

Mpendwa dada yangu Minza,

Mwangaluka, mayu. Nimeanza na Kisukuma makusudi, nione kama huko Mwanza bado unaitika au umeshakuwa mtu wa mjini. Habari za afya yako? Vidole vimeacha kufa ganzi, au bado mnashindishwa kwenye vyumba vya barafu vya kiwanda cha samaki mkiwa na glovu zilizotoboka? Katika barua yako ya Mei ulilalamika mgongo, nami nikakutumia mafuta ya nyonyo kwa mkono wa katekista. Kama hayakufika, basi mgongo wa katekista sasa ni mzima.

Sisi huku hatujambo. Pamba tumeshachuma na kuuza. Mwaka huu wanunuzi binafsi wamemiminika, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na kila mmoja anaapa kuwa mizani ya mwenzake ina kasoro. Ghala la chama cha ushirika limefungwa, limebaki na popo na mafaili. Viazi tumekata michembe magunia mawili, na moja ni lako. Mwanao Sayi hajambo kabisa. Amenipita kimo kwa vidole viwili, na kila asubuhi anasimama kando yangu kunikumbusha. Vidonge anameza bila kusukumwa, na tangu Pasaka ameanguka mara mbili tu.

Barua hii ni ndefu, kwa hiyo usiisome ukiwa zamu. Ina habari kubwa ya furaha, na ina jambo jingine ambalo nimeliweka mwishoni, kwa sababu nikianza nalo utaichana karatasi kabla hujaifikia furaha yenyewe. Nivumilie, dada.

Unajua darasa langu la uani lilivyoanza. Sayi alipoondolewa shuleni mwanzoni mwa mwaka 1993, akiwa darasa la tano, kwa ajili ya kifafa chake, alikaa miezi mitano akishinda nyuma ya nyumba bila kusema na mtu. Nami nilipotoka kazini katikati ya mwaka ule nikamwambia achukue kigoda, tuanze pale tulipoishia. Wiki ya pili akaja Mayala, mtoto wa jirani yetu Bundala. Bundala unamjua, ng'ombe wake anawajua kwa majina lakini watoto anawachanganya. Alimtoa Mayala shuleni aliposikia kuwa kila Jumatano na Ijumaa watoto wanapalilia pamba ya shule. Alisema kama elimu ni kupalilia pamba, basi yeye anacho chuo kikuu nyuma ya zizi lake. Halafu akaja Gloria, mjukuu wa katekista, yule mwenye mguu uliopooza, ambaye mto ukijaa hakuna wa kumvusha. Tukawa na watoto watatu, vigoda vitatu, na ubao uliokuwa mlango wa banda la kuku, nikaupaka masizi.

Hesabu na Kiswahili havikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni historia. Siku ya kwanza niliwauliza historia ni nini, na Mayala akajibu kwa sauti ya kuimba kwamba historia ni majina ya Wazungu waliokuja kuliona ziwa. Nilikasirika, dada, na si kwa sababu yake. Jibu lile nilimfundisha mimi mwenyewe alipokuwa darasa la nne, na nikampa vema. Nikaapa kwamba hapa uani tutaanza mbali, tangu watu wa kale walipoanza kuandika. Kitabu nilikuwa nacho kimoja tu, cha sekondari, hakina jalada, na kinaanzia ukurasa wa tisa.

Nikawaeleza kwamba zamani sana, kando ya mito mikubwa, watu walianza kuchora alama kwenye udongo mbichi ili wasisahau idadi ya mifugo na nafaka zao. Nilitegemea wapige miayo. Mayala akauliza kama chapa tunazowachoma ng'ombe huku kwetu nazo si maandishi, maana yeye akimwona ng'ombe yeyote malishoni anajua ni wa nani, hata kama mwenyewe yuko Maswa. Kesho yake tukafunga darasa, tukazunguka kaya hadi kaya tukinakili chapa za kila ukoo, na wenye kaya wakatuona tumechanganyikiwa.

Watoto wakachukua zile chapa, kila moja wakaipa silabi yake. Ya Bundala ikawa bu, ya akina Maige ikawa ma, na pale chapa zilipokwisha wakatunga nyingine hadi zikatosha. Kufikia Krismasi walikuwa na maandishi yao kamili, yanayosomwa na watoto watatu na mwalimu mmoja asiye na kazi. Waliyaandika kwa kijiti kwenye vibao vya udongo wa lambo, wakavianika juani. Karatasi nazo tulipewa na mlinzi wa ghala la ushirika, fomu za zamani zisizotakiwa tena na mtu, nyuma nyeupe kabisa. Humo Sayi alikuwa Farao wa Misri, Mayala mfalme wa Kushi, na Gloria malkia wa Meroe, wakaandikiana barua za vita na za biashara. Ungezisoma ungecheka. Mwanao alikuwa akianza vitisho vyake kwa kuuliza afya ya mifugo ya adui.

Na michezo sasa! Unazikumbuka mbina, zile ngoma za mashindano za baada ya mavuno, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, wanacheza saa ile ile, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi. Basi kila Jumapili baada ya kanisa tulifanya hivyo. Misri ikasimama upande mmoja wa uwanja, Kushi upande wa pili, kila kundi likaigiza habari za wafalme wake, na watoto wa jirani wakahama kwenda walikovutiwa. Mimi nilikaa katikati na kitabu changu kisicho na jalada. Ukisema jambo ambalo halimo, unarudi nyuma hatua tano, na kelele zako zinasikika kidogo.

Siku moja Mayala alisimulia jinsi mfalme Piye wa Kushi alivyoingia katika mji alioushinda, akapita hazina zote bila kuzitazama, akaenda moja kwa moja zizini. Alipokuta farasi wamekondeana kwa njaa alikasirika kuliko alivyokasirishwa na vita yenyewe. Bundala alikuwa anapita na ndoo, akasimama. Akaiweka ndoo chini, akavuka uwanja mzima mbele ya watoto, akaenda kusimama upande wa Kushi. Alisema huyo ndiye mtawala, na akataka kujua kama bado yuko hai.

Jumapili nyingine Sayi alianguka katikati ya hotuba ya Farao. Watoto wageni walikimbia, kama walivyokuwa wakikimbia shuleni. Mayala na Gloria hawakukimbia. Mayala alimlaza kwa ubavu, Gloria akamwekea khanga chini ya kichwa na kumfukuzia nzi, huku akiwatangazia wageni kwamba Farao amepumzika kidogo, waendelee kusikiliza upande wa Kushi. Sayi alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza ni upande gani una watu wengi. Mimi nilienda jikoni nikalia, kisha nikarudi na uso wa mwalimu.

Sasa nije kwenye kuku. Mwezi wa tano mwishoni mdondo wa kuku ulipita, ukamchukua yule tembe wangu mwekundu aliyekuwa akifukuza watu. Wakati huo tulikuwa tunasoma jinsi Wamisri walivyowakausha wafalme wao kwa magadi ili wasioze. Watoto wakanitazama, mimi nikamtazama kuku. Magadi yalikuwepo jikoni, yale yale ya kulainishia maharage. Hapa nikuungamie kosa dogo, ndiyo, ile shuka nyeupe uliyonitumia Krismasi ndiyo tuliyoichana vitambaa vya kumfungia. Nusu yake bado ipo.

Kuku alikaa kwenye magadi wiki tano, nasi tukaandika kila siku anavyobadilika. Akakauka vizuri sana, mwepesi, hana harufu. Wakamfunga kwa vitambaa, wakamjengea piramidi la matope lenye kimo cha kiuno kando ya njia ya lamboni, wakamlaza ndani pamoja na punje za mtama, ng'ombe wadogo wa udongo, na kete za bao la isolo ili asichoke huko aendako. Juu ya kifua chake Sayi akaweka kibao chenye sifa zake zote. Tulimzika kwa heshima kubwa, na Gloria alihubiri.

Dada, mimi nimezaliwa hapa. Najua kwamba huku kwetu mfumu, yule mganga wa ramli, anasoma mambo ya watu kwenye kuku. Najua kwamba kitu kilichofungwa kitambaa cheupe na kufukiwa njiani hakiitwi somo. Lakini nilikuwa nimelewa Misri yangu, sikuona kitu. Na lile lililokuwa baya kuliko yote sikuliwaza hata kidogo, kwamba kibao kile kilikuwa na chapa za ng'ombe za takriban kila ukoo wa kijiji, zimelala juu ya kuku aliyekufa.

Wiki mbili baadaye ng'ombe wawili wa Bundala walikufa kwa ndigana. Siku ya tatu mbwa wake akalifukua piramidi. Bundala alipokuta yule kuku, na chapa yake mwenyewe ikiwa ya kwanza kwenye kibao, alipiga mwano, yowe lile ambalo akilisikia hata mwenye homa anatoka nje. Mayala alikuwa malishoni siku hiyo, hakukuwa na wa kumwelezea. Ndani ya saa moja sungusungu walikuwa wamejaa uani kwangu na pinde zao, na filimbi inalia.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi ya wiki iliyopita. Walitukusanya sote mbele ya ghala la ushirika. Mtemi wa sungusungu siku hizi ni Mabula, yule mrefu asiyecheka, anayesemekana hata harusini alikunja uso. Kuku aliwekwa katikati ya watu, na kibao kando yake, na hakuna aliyethubutu kuvisogelea. Wazee walipeana zamu kusema. Mmoja alikumbusha kwamba mimi sina mume. Mwingine alikumbusha kwamba macho yangu ni mekundu, nami nikajibu kwamba kuni zangu ni mbichi, nikaambiwa ninyamaze. Wa tatu akasema ninaishi na mtoto anayeangushwa na kitu kisichoonekana, na kila mwenye akili ajumlishe mwenyewe. Nilisikia wakizungumza juu ya kunitenga, nisipewe moto wala maji, na wengine walitaka nihame kabla ya jua kuzama. Unajua yaliyompata yule mama wa ng'ambo ya mto baada ya maneno kama hayo. Niliogopa, dada. Na zaidi ya yote niliogopa Sayi asije akaanguka pale, mbele yao, saa ile.

Sayi hakuanguka. Alitoka kwa wanawake, akapiga goti, akawaamkia wazee mmoja mmoja bila kumruka mtu, kisha akaomba ruhusa ya kusema. Mabula akasitasita, akamruhusu. Akaeleza habari ya mto Naili, ya wafalme na magadi, na ya kwa nini kuku yule alizikwa na chakula chake. Akakinyanyua kile kibao kwa mikono miwili, watu wakarudi nyuma, akakisoma. Kilisema kwamba hapa amelala tembe mwekundu, mtawala wa uani, aliyeogopwa na mbwa na kupendwa na vifaranga vyake kumi na vinne. Mtu mmoja nyuma akacheka, akakatazwa.

Mabula akasema kwamba wezi wa ng'ombe nao wana alama zao, na wachawi pia, na mtoto yeyote anaweza kukariri maneno na kujifanya anayasoma. Hapo mwanao akamjibu kwa adabu kabisa kwamba njia ya kujua ni kujaribu. Akaomba yeye apelekwe mbali pamoja na walinzi, na mtemi amnong'oneze Mayala neno lolote analolitaka, Mayala aliandike, kisha yeye aitwe alisome. Kama atakosea, mwalimu wake ahame na yeye pia atahama naye. Hayo ya kuhama hatukuwa tumeyazungumza, nilitaka kumvuta sketi.

Wakampeleka nyuma ya ghala na vijana wawili wenye pinde. Mayala alikuwa ameshafika, udongo mbichi ukaletwa. Mabula aliinama akamnong'oneza kwa muda, na kwa jinsi alivyotabasamu nikajua amechagua kitu ambacho hakuna binadamu angeweza kukibahatisha. Mayala akaandika polepole, ulimi nje, mistari mitatu. Mayala akawekwa kando na mdomo wake umezibwa kwa kiganja cha baba yake. Sayi akaitwa.

Akakiangalia kile kibao. Akamtazama mtemi, akauliza kama asome yote. Mtemi akamwambia asome yote kwa sauti. Naye akayasoma maneno ya Mabula mwenyewe yalivyo: lile dume langu jekundu sikuliuza Bariadi kama nilivyosema, lilikufa, nikajifungia ghalani nikalia siku mbili.

Dada, mke wa Mabula ndiye aliyeanza, akacheka mpaka akakaa chini, na uwanja mzima ukafuata, vigelegele, filimbi, watu wanashikana mabega. Mabula alivua kofia yake akaikunja, akaifungua, akaikunja tena. Mwishowe akainua mkono, akatamka kwamba haya ni maandishi, kwa kuwa jambo lile hakuna aliyelijua duniani, na kwamba angependa libaki hivyo. Kesi ikafutwa pale pale. Bundala alikuwa wa kwanza kusogea. Alitaka aonyeshwe chapa yake ilipo na inasema nini, na akawaeleza waliomzunguka kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Alasiri hiyo walikuja watu zaidi ya thelathini uani kwangu kuangalia majina yao yanavyoandikwa, na wawili walileta maziwa. Nilicheza, mimi, mtu mzima, nilicheza na sufuria kichwani.

Kati ya watu waliokuwa pale alikuwepo Mwalimu Marcelo, mwalimu mkuu mpya wa ile shule yangu ya zamani, aliyehamia Januari. Alimkalisha Sayi kwenye ngazi ya ghala akamuuliza maswali karibu nusu saa, Misri, Meroe, watu wa kale wa Olduvai, kufua chuma, nani alimtangulia nani. Alijibu yote, na moja akamrekebisha. Mwalimu Marcelo akauliza mtoto huyu anasoma shule gani. Nilipomwambia hana shule alikunja uso, akasema orodha ya watahiniwa wa darasa la saba itapelekwa Bariadi Ijumaa, basi nimlete Alhamisi ofisini. Mwanao hakulala vizuri siku zote nne, na mimi nilishona sare upya kwa mkono.

Alhamisi tukaenda. Sayi akakaa kwenye benchi nje ya dirisha, mimi nikaingia. Mwalimu Marcelo alikuwa mchangamfu mpaka alipofungua faili. Humo alikuta barua ya Februari 1993 kutoka kwa mwalimu wa darasa, inayosema mtoto huyu ni hatari kwa wenzake, ugonjwa wake unaweza kuambukiza, na anaombwa aondolewe kabisa. Jina halikuandikwa, ni sahihi tu. Akasema yeye haamini ujinga huo, lakini hawezi kuipuuza barua iliyo kwenye faili, wilayani watamuuliza. Njia iliyopo ni mwalimu aliyeandika aje aifute kwa mkono wake. Akaniuliza, kwa kuwa nilifundisha pale, kama namjua mwalimu huyo na yuko wapi sasa.

Sasa, dada, ndilo lile jambo. Mwalimu huyo ni mimi.

Miaka miwili na nusu umemlaumu mwalimu mkuu wa zamani. Kwa kila mtu umesema mdogo wako alimpigania mwanao akashindwa. Sikumpigania. Sayi alipoanguka darasani mara ya tatu, wazazi walikuja wakasema wataondoa watoto wao wote, na mwalimu mkuu akaniambia kwamba darasa likibaki tupu na mwalimu wake atakuwa wa kupunguzwa. Hakunishika mkono. Nilikaa mezani kwangu, nikaandika, na lile neno la kuambukiza nililiweka nikijua si kweli, kwa sababu muuguzi alishanieleza. Mtoto wa dada yangu, aliyeachwa mikononi mwangu, nilimfuta ili nibaki na kiti. Na hata kule kupunguzwa kazi nilikokwambia ni uongo. Sikupunguzwa. Kila asubuhi nilikuwa naita majina, nikifika pale lilipofutwa lake narudi kuanza orodha upya, na mwezi wa saba nikaacha mwenyewe. Hili darasa la uani unalonisifia katika kila barua lilianza hivyo.

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza pale ofisini. Ningesema mwalimu yule alihamia Tabora, na Sayi angekosa mtihani, na hakuna ambaye angejua. Nilimwambia Mwalimu Marcelo ni mimi. Akanisukumia karatasi na kalamu. Niliandika kwamba niliyoyasema mwaka 1993 yalikuwa ya uongo, kwamba ugonjwa ule hauambukizi, na kwamba mtoto huyu ni mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kufundisha. Nikaweka sahihi ile ile, na safari hii nikaandika jina langu lote. Mbele yangu akaandika jina la Sayi kwenye orodha. Ni mtahiniwa namba thelathini na moja, dada! Ijumaa orodha ikapanda lori kwenda Bariadi. Mtihani ni mwezi wa kumi.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilipotoka niliona kwa uso wake kwamba amesikia. Tulitembea mpaka mtoni, yeye mbele. Pale alisimama akaniuliza niliiandika siku gani, nikamwambia Jumanne. Akasema anaikumbuka Jumanne ile, kwa sababu nilimpa kipande cha muwa mchana. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga goti kwenye mchanga, na sikujali nani anapita. Aliniambia niinuke, nguo itachafuka. Baadaye, tukiwa tumekaribia nyumbani, akauliza kama siku ya mtihani nitakuwepo nje endapo ataanguka. Nikamwambia nitakaa chini ya dirisha tangu kengele ya kwanza. Akasema sawa, ila mama ni lazima aambiwe, na yeye hatanisemea. Ndiyo maana unaisoma kwangu.

Sikuombi unielewe. Naomba uombe ruhusa kiwandani, uje kabla ya mwezi wa kumi. Ukitaka kunipiga, nitakupokea mizigo kwanza, kisha upige. Lakini njoo umwone mwanao akiingia kwenye chumba kile kwa mlango wa mbele.

Bundala anakusalimu, na Gloria, na Mayala anayesema sasa anaitwa Piye. Wasalimie wenzako wote wa zamu, hasa yule rafiki yako anayekuandikia bahasha. Funga kifua chako vizuri ukitoka kwenye barafu. Mungu akulinde barabarani utakapokuja.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,
Kwandu Shigela

Mama, nimeisoma barua hii kabla haijafungwa. Hajaficha kitu. Mwambie umemsamehe au hujamsamehe, lakini mjibu haraka, kwa sababu hali chakula, na mimi namhitaji mwezi wa kumi.
Sayi.